Ngazi ya Tatu ya Springi

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo popote hunirudisha nyumbani Musanda: dizeli juu ya chuma chenye kutu. Mwezi uliopita niliinusa tena nikiwa nimepiga magoti kwenye veranda ya Baba, nikipaka dizeli kwa mswaki mkuukuu kwenye shokapu za nyuma za pikipiki yake, zile springi mbili nene zinazobeba uzito wa waliokaa juu. Zilikuwa zimechoka kabisa. Moja ilivuja oili mpaka ikalowesha gurudumu. Nilikuwa nimekuja na mpya kutoka Kakamega mjini, na njiani nilizifunua mara tatu kuzikagua, kana kwamba zingeweza kubadilika ndani ya karatasi.

Ndivyo nilivyo. Nikifunga nati, naifungua tena nione kama niliifunga vizuri. Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu, kisha kwa kutazama video kwenye simu, kisha kwa kuharibu kidogo zaidi. Watu husema nina bidii, nami huwaacha waseme. Si bidii, ni woga. Na ninajua woga huo ulianzia wapi, ingawa sikuwahi kumwambia mtu.

Nilipofuta tope lililoganda chini ya springi ya kushoto, nikaiona nukta nyekundu. Ilikuwa imefifia, ndogo kama punje ya wimbi, lakini ilikuwepo. Niliweka mswaki chini nikakaa.

Baba alikuwa mtu wa bodaboda, lakini hakufanana na wenzake wa stegi, pale walipongojea abiria. Wenzake wakishanunua pikipiki walizikaza springi za nyuma mpaka mwisho, basi, zikae hivyo hadi pikipiki iuzwe kama chuma chakavu. Baba hapana. Chini ya kila springi kuna pete ya chuma iliyochongwa ngazi, tano kwa jumla, kama ngazi za kupandia darini. Ukiizungusha pete kwenda juu, springi inabanwa, pikipiki inainuka nyuma na kuwa ngumu, tayari kwa mzigo. Ukiirudisha, springi inalegea na safari inakuwa laini. Baba alikuwa na spana yenye mdomo kama ndoano, aliyoikunja mwenyewe kutoka kwa chuma cha tela la miwa lililopinduka karibu na kwetu. Kwa spana hiyo alizungusha pete zake karibu kila siku. Ngazi ya kwanza akiwa peke yake. Ya pili akiwa na abiria. Ya nne kwa magunia mawili. Ya tano hakuigusa. Alisema ni ya kuua mgongo.

"Leo unapima nani?" wenzake walimpigia kelele wakimwona amechuchumaa.

"Mama wa soko."

"Umpime vizuri! Ukimkisia mnene atakutukana, ukimkisia mwembamba atakuvunjia springi!"

Ngazi ya tatu ilikuwa yetu. Jumapili tulienda kanisani sote watatu, mimi mbele juu ya tanki, Baba katikati, Mama nyuma amekaa upande na Biblia mapajani. Siku moja Mama alikuwa akipaka kucha rangi kwenye veranda, Baba akihangaika kuhesabu ngazi, upande wa kulia ya tatu, upande wa kushoto ya pili, ashuke, aanze tena. Mama akainuka na kile kichupa chake.

"Sogea, Mzee." Akachovya kijibrashi, akaweka nukta nyekundu kwenye ngazi ya tatu ya kila pete. "Hiyo ni yangu. Usiwe unakisiakisia. Ukiniweka ya pili naumia, ukiniweka ya nne watu wa kanisa watasema nimenenepa."

"Kwani hujanenepa?"

"Nimenenepa kwa chakula cha nani?"

Walicheka wote wawili. Nakumbuka Baba akipuliza ile rangi ikauke, mashavu yamejaa hewa, kana kwamba anapuliza moto.

Mama alitoka Mautuma, upande wa Lugari, ambako watu hulima mahindi mpaka macho yanachoka. Kwao, alisema, mgeni haulizi habari ya nyumba kabla hajaangalia ghala. Sisi tulikuwa na kipande kimoja tu cha mahindi nyuma ya nyumba. Pande zote zilizobaki ni miwa, ya jirani huyu na ya jirani yule. Halafu Baba, bila kumwambia mtu, akakubali hata kipande hicho kipandwe miwa.

"Miwa haisagwi ikawa unga," Mama alimwambia. Hakupaza sauti. Nilikuwa mlangoni nikisafisha viatu vya shule. "Jioni mtoto atatafuna nini? Nimpikie obusuma, ugali wa majani ya miwa?"

"Ni msimu mmoja tu."

"Msimu wa miwa ni mwaka na nusu. Mimi si mgeni hapa, Mzee. Ungeniuliza."

"Nimekosa wapi? Ni shamba la baba yangu."

Neno hilo ndilo lililomfukuza, sasa naelewa. Wakati ule nilidhani ni trekta. Siku trekta lilipokuja kulima mabua ya mahindi, Mama alifunga nguo zake kwenye leso mbili, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, "Soma. Nitakuja." Hakumsubiri Baba. Alipanda pikipiki ya mtu mwingine. Nilitaka kuutazama uso wake ukienda, lakini macho yangu yaling'ang'ania springi za pikipiki ile. Zilikuwa zimekazwa mpaka ngazi ya tano, na Mama alikuwa akirushwarushwa juu yake kama mzigo.

Mimi nilibaki, kwa sababu kwetu mtoto ni wa boma la baba yake. Senje, dada yake Baba, alihamia kwetu kupika.

Kesho yake Baba alitoa spana, akachuchumaa, akazungusha pete kushuka. Tak. Tak. Kushoto, kisha kulia. Kutoka nukta nyekundu hadi ngazi ya kwanza. Alikuwa anafanya alichokuwa akifanya siku zote, mtu anayesafiri peke yake analegeza springi zake. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na niliona kitu kingine. Niliona Baba amemtoa Mama.

Na kama angeweza kutolewa, angeweza kurudishwa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kila mara Baba alipokaza springi mpaka kwenye nukta nyekundu, aliondoka peke yake akarudi na Mama: kutoka sokoni, kutoka matangani, kutoka zahanati. Sikuwahi kuona nukta ile ikikaa mahali pake na Mama asije. Kwa hiyo kazi ya kumleta ilifanywa na springi. Baba alikuwa dereva tu.

Nilingoja aikaze. Kila jioni kabla ya giza niliketi kwenye kizingiti nikisikiliza. Baba alikuwa amepanga mawe mlangoni pa boma ili matope yasitumeze, na keria ya pikipiki, kile kichuma cha nyuma cha kubebea mizigo, ilikuwa imepoteza nati moja. Akipita juu ya mawe akiwa peke yake, keria ililia: kacha, kacha, kacha. Mtu akiwa amekaa nyuma, kiti kiliikandamiza, ikanyamaza. Ningeweza kujua nikiwa nimefumba macho kama Baba amekuja na Mama au hakuja naye. Na kila jioni, kacha, kacha, kacha.

"Wee mtoto, masikio yatakuota marefu kama ya sungura," Senje aliniambia. "Njoo ule. Mwanamke akienda kwao hafuatwi na pikipiki. Hufuatwa na wazee wawili, wakae, mwanamume aulizwe, ajibu. Babako anajua hilo vizuri sana."

"Dada, nyamaza," Baba alisema.

"Nimenyamaza. Nani anaongea? Mimi naongea na sufuria yangu."

Basi alasiri moja mvua ilinyesha kama inavyonyeshanga huku, ghafla na kwa hasira, Baba akaingia ndani kulala kidogo. Pikipiki ilikuwa kwenye veranda, imesimama kwa stendi ya kati, ubavu wa kulia umekaribiana na ukuta. Kelele ya mabati ilifunika kila kitu. Nilitoa spana chini ya kiti. Mdomo wake niliuingiza kwenye pete kama nilivyomwona Baba akifanya, nikavuta. Haikusogea. Nikachomeka mpini wa spana ndani ya pampu mbovu ya baiskeli ili urefuke, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Tak. Nikalia kwa furaha. Tak tena. Nukta nyekundu ikakaa mahali pake, upande wa kushoto.

Upande wa kulia ndio ulionishinda. Nilijipenyeza kati ya pikipiki na ukuta, lakini pampu iligonga ukuta kabla pete haijazunguka vya kutosha. Nilipata ngazi ya pili tu. Nilijaribu mpaka vidole vikachubuka. Mvua ikaanza kupungua, nikasikia kitanda cha Baba kikilia, nikaogopa. Nikarudisha spana chini ya kiti. Kushoto ya tatu, kulia ya pili. Na nilijua maana yake, kwa sababu nilikuwa nimemsikia Baba akiwaambia wenzake: springi zikitofautiana, kwenye kona pikipiki itakutupa kama punda mwenye kinyongo.

Asubuhi Senje alipanda nyuma apelekwe sokoni, amechelewa, na Baba hakuchuchumaa kuzipima pete. Nilikuwa nimesimama na begi la shule mgongoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, "Baba, ngoja," lilitosha. Nilikaa kimya kwa sababu nilihofia atairudisha ya kwanza, na Mama asije.

"Pikipiki yako inachechemea nini leo, kama mbuzi mwenye mwiba?" Senje alisema walipokuwa wakitoka.

"Ni wewe umekaa upande."

"Mimi nakaa hivi tangu nizaliwe!"

Siku ile sikusikia mwalimu alisema nini. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilikuwa imebeba habari ya kifo cha Baba. Niliporudi nilipita njia ya mkato katikati ya miwa nikikimbia, majani yakinikata mikono, na nilipotokea nikamwona. Alikuwa hai. Alikuwa amechuchumaa, pikipiki ameivuta mbali na ukuta, spana mkononi, anatazama pete ya kulia.

Aliniita Mayi, yaani mama kwa lugha ya kwetu, maana nilipewa jina la mama yake mzazi.

"Mayi. Ulitumia nini kuzungusha?"

Sikuweza kukana. "Pampu."

"Pampu ya baiskeli?" Alitikisa kichwa. "Una nguvu wewe."

Nilingoja fimbo. Nilingoja hasa airudishe ya kushoto chini. Badala yake aliingiza spana upande wa kulia, akavuta kwenda juu. Tak. Nukta nyekundu ikakaa. "Ukigusa upande mmoja," alisema, "gusa na wa pili." Halafu akabaki amechuchumaa muda mrefu, mkono juu ya springi, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya ng'ombe.

Jumamosi alivaa shati la kanisani. Alioga, akapiga viatu rangi, akaondoka na mapema. Hakusema anaenda wapi, lakini Senje alimtazama akienda mpaka akapotea, kisha akasema na sufuria yake, "Peke yake? Bila mzee hata mmoja?" Mimi sikujali habari ya wazee. Springi zilikuwa kwenye nukta. Nilifagia nyumba. Nilifagia hata chini ya kitanda chao. Nilikichukua kile kichupa cha rangi ya kucha alichokisahau nikakiweka mezani ambapo angekiona.

Jua lilikuwa bado juu ya miwa niliposikia mlio wa injini kwa mbali. Nilifumba macho. Nilihesabu: sasa yuko kwa jirani, sasa yuko kwenye mwembe wa shule, sasa anapinda, sasa mawe.

Kacha. Kacha. Kacha. Kacha.

Kwa kuwa springi zilikuwa ngumu na aliyezikalia ni mmoja, pikipiki iliruka zaidi kuliko siku zote, na keria haikuwahi kulia kwa sauti kubwa kiasi kile.

"Hakuwepo nyumbani?" nilimuuliza.

"Mayi, lete maji ya kunywa."

Hilo ndilo jibu nililopata. Nilipojilaza nilijipa jibu langu mwenyewe: kwa siku moja nzima ngazi ya Mama ilikuwa imepinda, ya tatu huku, ya pili kule, na mimi niliyeipinda nilinyamaza. Baba aliinyosha, lakini alikuwa amechelewa. Kitu kikishafanywa nusu hakikubali tena. Ndiyo sababu mpaka leo nafungua nati niliyoifunga. Naandika ujumbe nikaufuta mara nne. Ninapika wali nikifunua sufuria kila dakika, na wali unaharibika kwa kufunuliwa. Ninajua ni upuuzi. Kujua hakujanisaidia.

Mama hakurudi. Likizo zilipofika, mjomba alinichukua nikakae na Mama Mautuma, naye Mama alinipokea kwa mikono ile ile miwili kichwani. Ana ghala lake, limejaa. Hakumsema Baba vibaya hata siku moja. Ila kila nilipokwenda, tukiwa tumeketi tukipukuchua mahindi, aliniuliza bila kuinua macho, "Ile keria ya babako bado inalialia?" Nikisema ndiyo, alitabasamu kidogo kisha akaendelea kupukuchua. Nilidhani ni utani wake tu.

Naye Baba hakulegeza springi zile tena. Yeye aliyekuwa akizungusha pete kila siku aliitupa spana juu ya kabati. Miaka yote alipanda peke yake kwenye ngazi ya watatu, ikimtikisa, na sasa mgongo wake umepinda, akiinuka lazima ashike kitu. Hilo nalo nilijiandikia. Nilisema, mimi ndiye niliyezikaza.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipoiona ile nukta, kutu imeishikilia pete palepale, nilijikuta nikiuliza kabla sijajizuia. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu nami, anakunywa chai.

"Baba, kwa nini hukuzilegeza?"

Alielewa mara moja ninauliza nini. Alizungusha kikombe mkononi, nikadhani ataomba maji.

"Siku ile nilifika Mautuma," alisema. "Nilifika mpaka kwenye kinu cha posho, pale unaona nyumba yao. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nikazima pikipiki. Nikajiangalia. Sina mzee wa kunisemea. Wakiniuliza, 'Shamba ni la nani?', nitasema nini? Nina shati safi na spana. Nikakaa pale mpaka watu wa kinu wakaanza kunitazama. Nikawasha, nikarudi."

"Kwa hiyo hukufika kwao."

"Sikufika."

Kutoka kwenye kinu hadi jikoni kwa Mama si mbali. Nimepita hapo mara nyingi nikiwa na debe la mahindi kichwani. Kuna mawe, na keria ile inasikika mbali; nikalikumbuka lile swali la Mama.

Sikumwambia hilo. Nilimwambia langu. Nilimwambia habari ya mvua, na ukuta, na upande wa kulia ulionishinda, na asubuhi ya Senje, na kwamba nilidhani Mama hakuja kwa sababu yangu. Niliongea nikisugua pete isiyohitaji kusuguliwa tena.

"Miaka yote hii?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mayi." Aliweka kikombe chini. "Springi haiwezi kuleta mtu." Kisha akaitazama ile nukta. "Hata mimi nilidhani inaweza."

Nilifunga shokapu mpya. Nilizifunga, nikafungua, nikafunga. Hazikuwa na nukta yoyote, zinang'aa tu.

"Nikuwekee ya kwanza," nilisema. "Mgongo wako upumzike."

"Weka ya tatu. Kwanza tuzijaribu."

"Baba."

"Weka. Halafu panda."

Nilileta spana yake kutoka juu ya kabati. Kushoto, tak, tak. Kulia, tak, tak. Nilihesabu pande zote mbili mara moja, na nikajikataza kuhesabu tena. Baba alipanda kwa shida, nikapanda nyuma yake, nikakaa upande, kwa sababu sikujua ningekaa namna gani nyingine. Tulitoka polepole. Miwa ilikuwa imekomaa pande zote mbili, inanuka utamu na vumbi. Tulifika kwenye mawe. Gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likafuata, springi zikabonyea chini yangu na kuinuka taratibu.

"Unasikia?" Baba aliuliza bila kugeuka.

"Sisikii kitu."

"Eeh," alisema. "Ndivyo ilikuwanga."